Wakuu, mji wa Ani ni wa Waarmenia au wa Waturuki? Naomba kueleweshwa

Baba_Ramani

Wakuu habari za jioni. Jana nimekutana na video ya mji wa magofu unaitwa Ani, uko Uturuki mkoa wa Kars, ukingoni kabisa mwa mto unaotenganisha Uturuki na Armenia. Makanisa makubwa ya mawe yamesimama katikati ya nyika na hakuna mtu anaishi. Nikavutiwa, nikashuka kwenye komenti, lahaula! watu wanarushiana maneno huko utadhani mji umeanguka juzi. Mmoja anasema ni mji mkuu wa Armenia, mwingine anamjibu jina sahihi ni Anı, hiyo i ya mwisho haina nukta, na mji ni wa Waseljuki, yaani Waturuki wa zamani, wa tatu anasema lile kanisa kubwa ni msikiti. Sasa nani aliujenga? Na hiyo nukta ina nini mpaka watu wagombane hivyo?

Mzee_wa_Makumbusho

Mkuu, la nani aliujenga halina ubishi. Mwaka 961 mfalme Ashot III wa ukoo wa Bagratuni, Mwarmenia, aliufanya Ani makao yake makuu, mwanawe Smbat II akazungusha ukuta mkubwa upande wa kaskazini kwa sababu pande zingine mji unalindwa na makorongo. Kanisa kuu lilianza kujengwa wakati wa huyohuyo Smbat, likamalizwa mwaka 1001 na malkia Katranide, mke wa Gagik I. Fundi wake aliitwa Trdat, na huyu ndiye aliyetengeneza kuba la kanisa la Hagia Sophia kule Constantinople lilipobomoka kwa tetemeko, kwa hiyo hatuongelei kijiji hapa, ni mji uliokuwa unajulikana, misafara ya biashara inapita, wenyewe wakijisifu una makanisa 1001.

Baada ya hapo ukawa unapokezanwa. Bizanti, yaani Warumi wa mashariki wa Constantinople, wakauchukua 1045, Sultani Alp Arslan wa Waseljuki akauteka 1064, ukaenda kwa ukoo wa Shaddadi ambao ni Wakurdi, kisha Wajojia, halafu Wamongolia 1236, na tetemeko la 1319 likaumaliza nguvu. Ila Waarmenia hawakuondoka kwa sababu tu mtawala kabadilika, kanisa la Tigran Honents lenye michoro mizuri kweli lilijengwa 1215 kwa pesa za mfanyabiashara wao.

Kuhusu nukta: Kituruki kina i na ı, herufi mbili tofauti. Ukiandika Anı unapata neno la Kituruki lenye maana ya kumbukumbu, na jina la Kiarmenia limeshapotea hapo. Wizara ya utamaduni ya Uturuki na mabango wametumia hivyo miaka mingi. UNESCO walipouingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2016 waliandika Ani, yenye nukta.

Simba_wa_Yuda77

Mimi naona Waturuki mnawaonea. Ardhi ni yao, mpaka uliwekwa na mkataba wa Kars wa 1921, na kwao Ani ndo mlango walioingilia Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, miaka 7 kabla ya vita vya Manzikert walipowapiga Bizanti. Hiyo historia yao nayo ifutwe? Kila nchi inaita mahali pake kwa lugha yake, mbona Constantinople leo ni Istanbul na maisha yanaendelea?

Dada_wa_Ankara

Kaka Simba, hakuna aliyesema historia ya Waseljuki ifutwe, ipo pale na ni nzuri. Mimi nasoma huku Uturuki na Ani nimefika. Msikiti wa Manuchihr uko ukingoni mwa korongo, mnara wake wa pembe nane bado umesimama na juu yake kuna Bismillah imejengewa kwa mawe, ukichungulia dirishani unaona mto Arpaçay chini na Armenia ng'ambo. Lakini hata huo wanautangaza kama msikiti wa kwanza wa Waturuki Anatolia, wakati Manuchihr mwenyewe, mtawala aliyeupa jina, ni wa ukoo wa Shaddadi, sasa Wakurdi nao waseme nini?

Tatizo ni hili: kwa miaka mingi mabango ya pale yalikuwa yanataja Wabagrati, yaani ule ukoo wa Bagratuni, bila kusema walikuwa Waarmenia. Yaani unasimama mbele ya kanisa kuu, ukuta mzima umechongwa maandishi ya Kiarmenia, mistari na mistari, herufi zimekatwa safi kabisa kwenye jiwe jekundu mpaka unaweza kuzifuata kwa kidole, halafu unageukia bango hukuti jina la watu walioandika! Kanisa lenyewe linaitwa pia Fethiye Camii, msikiti wa ushindi, kwa sababu Alp Arslan alilifanya msikiti, sawa, ilitokea kweli. Ila Oktoba 2010 Devlet Bahçeli, kiongozi wa chama cha kizalendo cha MHP, alienda na wafuasi wake wakaswali Ijumaa mle ndani, siku chache tu baada ya Waarmenia kuruhusiwa kusali kwenye kanisa lao la kisiwa cha Akdamar. Hapo mtu haniambii ilikuwa ibada tu.

Na niwatendee haki pia: 1921 lilitoka agizo Ankara kwamba magofu yafutiliwe mbali, na jenerali Kâzım Karabekir, Mturuki, ameandika kwenye kumbukumbu zake kwamba alilikataa. Leo pia kuna wataalamu Waturuki wanaohangaika kuzuia kuta zisianguke. Kanisa la Mkombozi la 1035 nusu yake ilianguka 1957 kwenye dhoruba, imebaki nusu imesimama wima, ndani nje kunaonekana.

Mfano wako wa Istanbul haukai sawa. Istanbul ina mamilioni ya watu wanaoliita hivyo kila siku. Ani haina mkazi hata mmoja, kilichobaki ni jina na mawe. Ukichukua na jina, hao wengine umewaachia nini?

Baba_Ramani

Asante sana dada, na wewe mzee. Waarmenia wenyewe wanaruhusiwa kufika?

Dada_wa_Ankara

Wanafika ila kwa kuzunguka. Mpaka wa nchi kavu umefungwa tangu 1993, kwa hiyo mtu wa Yerevan anapita Georgia ndo aingie Uturuki. Wengi wanaishia kuutazama kutoka ng'ambo ya mto, na mabinti wengi kwao wanaitwa Ani. Chini ya mji kuna daraja la zamani, limebaki nguzo za kando tu, katikati hamna kitu. Serikali zote mbili zimekuwa zikizungumzia kulitengeneza pamoja. Mimi naomba walitengeneze, na bango la pale liandikwe kwa lugha zote mbili, na Kikurdi kama nafasi ipo.