Kisu gani kinafaa kuchumia uyoga?

Muulizaji, Masasi: Ndugu zangu, mvua zimeanza na uyoga umechomoza vichuguuni. Kisu changu cha jikoni kina ncha ndefu iliyokwisha kunichoma kidole, tena kimeota kutu kikapuni. Ninunue cha aina gani?

Jibu, Newala: Dada, tafuta cha kukunja chenye bapa fupi, la sentimita 7 hivi, lililopinda kidogo. Cha chuma kisichoshika kutu hakina usumbufu; cha chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini usipokiosha, kukikausha mpaka kwenye kiungo cha mpini na kukipaka mafuta kidogo ya kula, unyevu utakila.

Jibu, Nachingwea: Naongeza jambo zito zaidi. Uyoga usioujua usiukate shinani, bali uuchimbue mzima, kwa kuwa uyoga mwingi wa jamii ya Amanita wenye sumu ya kuua una kifuko chini ya shina, ambacho ukikata hubaki ardhini, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Na mchanga je?

Jibu, Newala: Mswaki mkuukuu, mkavu, unatosha, mimi nimeufunga kwenye mpini kwa uzi.