Kwa nini bunduki moja ya kale ya kijeshi huthaminiwa kuliko nyingine inayofanana nayo?

Mwalimu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu wasomaji, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na nina swali ambalo limenisumbua tangu wiki iliyopita, rafiki yangu aliponionyesha orodha ya mnada mmoja wa Ulaya. Ndani yake mlikuwa na bunduki mbili aina ya Mauser za jeshi la Ubelgiji, zote za muundo wa mwaka 1889. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, chuma chake cheupe na mbao zake zimepakwa vanishi. Ya pili ilikuwa nyeusi iliyofifia, kitako chake kimejaa mikwaruzo na alama ndogondogo zilizogongwa kwenye mbao. Nilidhani kwamba ile ya kwanza ndiyo ya bei kubwa, kumbe ya pili ilikuwa imewekewa bei mara nne ya ile nzuri. Je, wakusanyaji hutazama nini?

Siulizi kwa ajili ya biashara. Babu wa baba yangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo enzi za ukoloni, na nyumbani kwetu tuna picha yake moja tu, amesimama wima na bunduki mkononi. Haikuandikwa mahali wala mwaka. Wanafunzi wangu huniuliza ile ni bunduki gani na kama ingekuwepo leo ingekuwa na thamani gani, nami sijapata jibu la kuwapa.

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Mwalimu, asante kwa swali lako. Nilikuwa fundi wa silaha jeshini kwa miaka 19, na kazi yangu yote ilikuwa kuifanya bunduki ifanye kazi, hata kama ilinipasa kuchukua kulasi (yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu) ya hii na kuiweka katika ile. Kwa mkusanyaji, kazi hiyo yangu ndiyo inayoshusha thamani, na nilichelewa sana kulielewa jambo hilo.

Kiwandani, bunduki ya kijeshi iligongwa namba ileile katika sehemu zake nyingi: mtutu, kulasi, na mara nyingi hata skrubu na kitako. Ikiwa namba zote zinalingana, basi bunduki hiyo imebaki pamoja tangu siku ilipotoka kwa mafundi wake, na hilo ni nadra kwa chombo kilichopita vitani, matopeni na katika maghala ya matengenezo. Mauser za Kijerumani zilizotekwa na Wasovieti katika Vita vya Pili vya Dunia ni mfano ulio wazi. Zilifunguliwa, zikachanganywa, zikapakwa rangi upya, na namba mpya zikaandikwa kwa kalamu ya umeme juu ya kulasi. Zinapiga vizuri kabisa, lakini mkusanyaji huzinunua kwa bei ya chini kuliko ile ambayo haikuguswa.

Sasa tuje kwenye zile mbili ulizoziona. Ile inayong'aa ilisuguliwa kwa msasa. Aliyeisugua aliondoa weusi wa kiwandani, akapunguza makali ya pembe za chuma, akafuta mihuri ya wakaguzi, na hayo matatu hayarudishiki. Mtu anaweza kuipaka rangi nyingine nyeusi, lakini jicho lililozoea huona mara moja kwamba herufi zimefifia chini ya rangi iliyo mpya. Ile nyeusi yenye mikwaruzo imezeeka yenyewe, na alama zile ndogo kwenye mbao zake huenda ndizo mihuri ya ukaguzi na ya jeshi lililoimiliki. Ninaomba kila mtu mwenye chombo cha zamani nyumbani, awe na bunduki au panga au singe, asikiguse kwa msasa wala kwa brashi ya waya. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Kuna jambo jingine linalohusu Mauser hiyo ya 1889. Mtutu wake umefunikwa na bomba jembamba la chuma, kama mkono ndani ya mkono wa shati. Maji yakiingia katikati hayatoki, na mtutu huliwa na kutu bila mtu kuona. Kwa hiyo anayejua hulikagua bomba hilo kabla ya kutazama uzuri wa mbao. Isitoshe, baada ya Vita vya Kwanza Wabelgiji walizibadilisha nyingi kuwa muundo wa 1889/36, wakaondoa bomba na kuweka mtutu mwingine. Iliyobaki kama ilivyozaliwa ni adimu zaidi.

Dada wa Kampemba (Lubumbashi)

Mwalimu, nakubaliana na Papa Fundi, nami nitaongeza upande wa historia, kwa kuwa niliishi Liège, Ubelgiji, miaka minne nikisomea utunzaji wa vitu vya kale.

Uchache peke yake hauleti bei. Zipo bunduki chache ambazo hakuna anayezitafuta. Thamani hupanda pale uchache unapokutana na tukio au wazo lililobadilisha mwenendo wa vita. Bunduki ya Patrick Ferguson, ofisa wa jeshi la Uingereza, ilitengenezwa takribani 100 tu mwaka 1776, ikapakiwa kwa nyuma wakati karibu majeshi yote yalikuwa bado yanasukuma risasi kwa mdomo wa mtutu, na ikapelekwa vitani Brandywine, Marekani, mwaka 1777. Zilizosalia zinahesabika kwa vidole, na kila moja ni ushahidi kwamba wazo lile lilikuwapo miaka mingi kabla ya kukubalika. Kwa upande mwingine, bunduki ya M1 Garand ya Marekani ilitengenezwa kwa mamilioni, na hata hivyo zile za kwanza kabisa, zilizokuwa na mfumo tofauti wa kunasa gesi kwenye ncha ya mtutu, hutafutwa sana, kwa sababu jeshi lenyewe lilizirudisha kiwandani na kuzibadilisha karibu zote.

Kiwanda nacho kina uzito. Kampuni ya FN ya Herstal ilianzishwa mwaka 1889 hasa kwa ajili ya kutengeneza Mauser 150,000 za serikali ya Ubelgiji, ndiyo maana za FN si haba. Ubelgiji ilipovamiwa mwaka 1914, oda ilipelekwa kwa Hopkins & Allen huko Marekani, na kampuni hiyo ikaanguka kabla ya kuikamilisha. Bunduki ni ileile, risasi ni ileile ya milimita 7.65, lakini jina lililochorwa juu ya chuma linasimulia nchi iliyopoteza viwanda vyake, na mkusanyaji hulipia simulizi hilo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Arisaka za Japani. Juu ya chuma palichongwa ua la krisanthemu, alama ya mfalme wao. Baada ya kushindwa mwaka 1945, maua hayo yalisagwa katika bunduki nyingi sana zilizosalimishwa. Iliyobaki na ua lake zima ina bei zaidi, ijapokuwa ua halibadilishi chochote katika utendaji wa silaha.

Kisha kuna ushahidi. Bunduki yenye barua, picha, au jina la askari linaloweza kufuatiliwa katika kumbukumbu za jeshi hupita mbali ile isiyo na chochote. Bunduki aina ya Henry yenye namba 6, aliyopewa Rais Abraham Lincoln, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, na hakuna anayeipima kwa ubora wa mbao zake. Hapa ndipo walaghai nao huingia. Muhuri unaweza kugongwa jana. Ndiyo maana mtaalamu huangalia kama kutu imeingia ndani ya herufi au kama herufi zimeikata kutu, kwa sababu muhuri wa kweli ulikuwepo kabla ya kutu.

Mwalimu, tafadhali itazame picha ya babu yenu kwa kioo cha kukuza. Mauser ya 1889 ina kisanduku cha risasi kinachojitokeza chini, mbele ya kifyatulio. Albini, bunduki ya zamani zaidi iliyopokelewa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1867 na kubebwa na Force Publique kwa miaka mingi, haina kisanduku. Ina nyundo inayoonekana upande wa kulia, na ilipokea risasi moja moja ya milimita 11.

Mzee wa Ruashi (Lubumbashi)

Wanangu, mmesema vema. Neno langu ni fupi. Enzi za mfalme Msiri wa hapa Katanga, bunduki za kupakia kwa mdomo zilifika Bunkeya, mji wake mkuu, kutoka pwani zote mbili, na katika familia yetu ilibaki gumegume moja ambayo wazee waliitoa siku za maombolezo tu. Vijana wetu waliisugua ing'ae kwa ajili ya arusi, wakabadilisha mbao na kutupa zile za zamani, ambazo zilikuwa na mikato mitatu iliyochongwa na mwenyewe. Mikato ile ndiyo iliyotuambia ni ya nani. Mimi sijali bei, lakini mikato ile ninaililia mpaka leo.

Tena, msisahau kwamba sheria yetu ya silaha ya Septemba 1985 inataka mwenye bunduki awe na ruhusa. Huko Marekani sheria ya shirikisho huiacha nje ya masharti yake bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Hapa mtu asijitetee kwa habari za huko. Anayeikuta kwenye dari la nyumba awaarifu wenye mamlaka kabla ya kuitembeza barabarani.

Mwalimu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mzee wangu, Papa Fundi, Dada, nawashukuru sana. Jana jioni niliitoa picha ndani ya fremu na kuitazama kwa kioo mbele ya mama yangu mdogo. Chini ya bunduki hakuna kisanduku. Upande wa kulia nyundo inaonekana waziwazi, imesimama karibu na kidole gumba chake. Kwa hiyo babu yetu alibeba Albini.

Nyuma ya picha, mahali palipofunikwa na kadibodi miaka yote hiyo, tumekuta maandishi ya penseli: jina lake, namba yenye tarakimu nne, na neno moja ambalo halisomeki vizuri. Sijui bado kama namba ni yake au ni ya bunduki. Sikuifuta vumbi wala kuipitishia kitu chochote. Nimeipiga picha kwa simu nikiwa karibu na dirisha, na Jumatatu nitaipeleka kwenye makumbusho ya hapa Lubumbashi, pamoja na mama mdogo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayekumbuka jinsi jina la babu lilivyotamkwa.