Tupeane uzoefu: PABX (mtambo wa simu) ya ofisi yenu iliwahi kuingiliwa?

Bint Kurasini

Habari za kazi wakuu. Mimi ni mtu wa IT kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar, na simu za ofisi ziko chini yangu. Nafungua uzi huu kwa sababu yaliyotupata sisi nimeshayasikia kwa ofisi nyingine tatu, na wote wanayasimulia kwa kunong'ona. Tuyaseme kwa sauti, labda kuna atakayewahi.

Yetu ilikuwa Pasaka. Alhamisi jioni tukafunga ofisi, Jumanne asubuhi dada wa mapokezi ananiambia akinyanyua simu hapati laini ya nje. Tuna laini ya kidijitali yenye njia 30, yaani simu 30 kwa wakati mmoja. Nikafungua rekodi za simu: njia zote zimejaa tangu usiku wa Ijumaa Kuu, zinapiga Somalia, Cuba na Latvia. Simu moja inakaa hewani saa nzima, ikikatika inaanza nyingine. Njia 30 kwa saa moja ni dakika 1,800. Zidisha kwa bei ya dakika ya kimataifa, halafu zidisha kwa siku hizo zote. Bili ilipita mishahara ya mwezi ya idara yetu nzima.

Bosi aliniuliza swali ambalo hata mimi nilijiuliza: mwizi anapata nini kwenye simu ambayo hakuna anayeongea? Anapata dakika. Zile namba huko nje ni za malipo ya juu na yeye ana mgao wake, kwa hiyo kila dakika tunayolipa sisi, sehemu inamrudia. Kampuni ya simu ikatujibu kwamba simu zimetoka kwenye mtambo wenu, lipeni. Tulilipa kwa awamu.

Alipoingilia sasa. Kulikuwa na sanduku la ujumbe wa sauti la mzee mmoja aliyestaafu, namba ya siri 1234, ileile ya kiwandani. Mtu alipiga namba yetu ya kawaida usiku kama mteja, akaangukia kwenye ujumbe wa sauti, akabahatisha. Ndani akakuta mtambo unamruhusu aliye nje kuchukua laini ya ofisi na kupiga popote. Kipengele hicho kiliwekwa zamani ili wakurugenzi wakiwa safarini wapige kwa gharama ya kampuni. Wakurugenzi wale wameshaondoka wote, kipengele kimebaki.

Nyie wenzangu yaliwakutaje?

Fundi wa Dodoma

Pole sana dada. Kazi yangu ni kufunga hizi PABX za kwenye kompyuta, Asterisk na FreePBX, na nitasema la kwangu bila kuficha maana nilimtia mteja hasara.

Nilifunga mtambo kwenye ofisi moja, nikaiacha seva wazi kwenye intaneti, mlango 5060 unaopitisha simu za intaneti, ili meneja atumie simu yake akiwa nyumbani. Ekstensheni yake, yaani namba ya ndani ya ofisi, 201, neno la siri 201. Nilijiambia nitabadilisha wiki ijayo. Kuna programu zinazotembea usiku na mchana zikigonga kila anwani ya IP duniani kutafuta mitambo ya simu. Kwenye kumbukumbu za seva utakuta inajitambulisha kwa jina "friendly-scanner". Ikikuona inajaribu ekstensheni 100, 101, 102, na kila moja inaijaribia neno la siri linalofanana na namba yake. Ya kwangu haikuchukua hata siku mbili. Wakishapata ekstensheni wanapapasa namba za kuanzia ili kutoka nje: 00, 900, 9011, mpaka moja ikubali.

Siku hizi sifungui 5060 kwa dunia nzima hata mteja anune. Fayawoli, yaani ukuta wa kuzuia wa nje, inaruhusu anwani ya kampuni ya simu tu, na aliye nyumbani anaingia kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti. Maneno ya siri ya ekstensheni yanatengenezwa na mashine, marefu, hakuna binadamu anayeyakariri. Programu ya Fail2ban inamfungia anayekosea mara tatu. Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni makubaliano na kampuni ya simu: laini ya malipo ya kabla, salio dogo, na simu za kimataifa zimezimwa mpaka mteja aandike barua. Hata mwizi akipenya, anakomba kilichomo basi.

Mapokezi Nyali

Mimi niko hoteli Mombasa, na kwetu hakuna aliyevunja mlango. Aliingia kwa mdomo.

Nilikuwa zamu ya usiku, kama saa tisa hivi. Mtu akapiga, sauti ya upole, akasema yeye ni fundi wa laini, anakagua matatizo ya eneo letu, nimuunganishe tu na "ekstensheni 900" asikilize mlio. Kwetu 9 ndiyo ya kutoka nje. Kumbe nikimhamishia 900 namkabidhi laini iliyo tayari kupiga ng'ambo. Nilimhamishia mara tatu, akinishukuru kila mara.

Lililoniuma ni kwamba nilihojiwa kama mshukiwa, na hakuna siku niliwahi kuelezwa maana ya hiyo 9. Kwa hivyo nyinyi wa IT, mkitoa mafunzo msianze na ghorofa ya juu. Anzeni na sisi tunaopokea simu.

Bint Kurasini

Dada Nyali, pole, na asante. Hili nimelibeba kama lilivyo.

Mzee wa Swichibodi

Wanangu, mimi nilikaa kwenye swichibodi Tanga enzi za kuchomeka waya. Wakati ule simu ya nje ya nchi ilipita mkononi mwangu, nikaandika kwenye daftari nani kapiga, wapi, kwa idhini ya nani. Mtambo ulipokuja wa kujipigia wenyewe, daftari likatupwa na hakuna aliyechukua kazi yake. Nauliza tu: kwenye ofisi zenu, nani anasoma hizo rekodi kila asubuhi?

Fundi wa Dodoma

Shikamoo mzee. Kwa wateja wangu wengi, hakuna. Wanaziona siku ya bili.

Abu Salim, Muscat

Assalaam aleikum. Huku kwetu mwizi hakupiga Cuba wala Latvia. Tulikuwa na muuzaji, akaacha kazi, akafungua duka lake la vipuri hapohapo mtaani. Programu ya simu ya ofisi ilibaki kwenye mobail yake. Miezi minne wateja wetu wakipiga, inalia kwetu na inalia kwake, na yeye mwepesi kupokea. Tuligundua pale mteja mmoja alipolalamika kuwa "tawi letu jipya" limemuuzia kitu kibovu. Kompyuta yake tuliichukua, barua pepe tukaifunga, ufunguo akarudisha. Simu hakuna aliyeifikiria. Sasa karatasi ya kuondoka kazini ina mstari wa ekstensheni, na anausaini fundi mwenyewe.

Mhasibu Westlands

Nairobi hapa. Simu ya mezani ililia, kioo kikaonyesha 101, ya mkurugenzi. Sauti ilikuwa na mkwaruzo, akasema yuko kwenye kikao, nimlipe msambazaji fulani kabla ya saa kumi. Nikatayarisha malipo. Kilichoniokoa ni kupanda ngazi kumpelekea karatasi asaini, nikakuta ofisi yake imefungwa, yuko kwenye ndege. Mtu alikuwa amejisajili kama 101 kutoka nje.

Namba kwenye kioo siiamini tena. Nakata, kisha napiga mimi. Na tuliripoti polisi, maana tangu 2018 tuna sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao. Wenzetu wa Tanzania mnayo ya 2015. Walichokidai kwanza ni rekodi za mtambo, na yetu ilikuwa inajifuta kila baada ya wiki moja. Hifadhini mbali na mtambo wenyewe.

Bint Kurasini

Wakuu, jana baada ya swali la mzee nilibaki ofisini. Nilichapisha orodha ya ekstensheni zote, 64, nikazunguka na kalamu chumba kwa chumba. Kumi na moja hazina mwenyewe. Moja ni ya kibanda cha mlinzi kilichovunjwa wakati wa kupanua maegesho, na hiyo ilikuwa bado inaruhusiwa kupiga kimataifa. Nimezifuta zote. Kisha nikatoka nje, nikapiga namba ya ofisi kwa simu yangu, nikaingia kwenye ujumbe wa sauti na kujaribu 1234 kwenye masanduku yaliyobaki.

Mawili yalifunguka. Moja ni la bosi. Nina kikao naye saa tatu, nitarudi kuwaambia.