Naomba ushauri: balbu moja inanipa omu 72, omu 917 na omu 960

Mwanagenzi_Umeme:

Heshima kwenu, wanajukwaa. Ninajifunza ufundi wa umeme, na nimekwama kwenye hesabu ambayo nilidhani ni nyepesi. Ninayo balbu ya filamenti iliyoandikwa wati 60, volti 240. Kwa maandishi hayo, mkondo ni 60 ÷ 240 = ampea 0.25, na ukinzani ni 240 ÷ 0.25 = omu 960. Nilipoiwasha na kupima, volteji ilikuwa volti 220 na mkondo ampea 0.24, kwa hiyo ukinzani unakuwa kama omu 917 na nguvu wati 52.8. Kisha nikaizima, nikaitoa kwenye holda, nikaiacha ipoe na kuipima kwa multimita upande wa omu: ikasoma 72. Nikichukua 72 hiyo na kutumia mraba wa volteji gawanya kwa ukinzani, ninapata wati 672, jambo ambalo halielekei hata kidogo. Multimita ni nzima, maana rezista ya omu 100 imesomeka 99.6. Naomba kuelimishwa, nitumie namba ipi?

Fundi Koili:

Karibu, ndugu. Namba zote tatu ni sahihi, ila kila moja inaeleza balbu ikiwa katika hali yake. Filamenti ni waya mwembamba wa tungsteni, na balbu inapowaka waya huo hufikia joto la nyuzi kama 2,500 za Selsiasi. Ukinzani wa metali hupanda kadiri joto linavyopanda, na kwa tungsteni iliyofikia joto hilo ukinzani huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi. Multimita yako, ambayo hupitisha mkondo mdogo sana kutoka kwenye betri yake, imepima filamenti ya baridi. Kipimo cha volti 220 na ampea 0.24 kimepima filamenti inayowaka. Na 960 ni ukinzani ambao balbu ingekuwa nao kama ingepata volti 240 kamili. Kwa volti 220 filamenti inapoa kidogo, na ndiyo sababu umepata 917.

Hata zile wati 672 usizitupe. Swichi inapobonyezwa, filamenti bado ni baridi, kwa hiyo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde mkondo unaweza kufika 220 ÷ 72, yaani ampea 3 hivi, kabla joto halijaupunguza. Balbu nyingi za aina hii huungua wakati huo huo wa kuwashwa, na sasa unajua kwa nini.

Msomaji wa Vipimo:

Kwa maelezo hayo, si ni kusema kwamba Kanuni ya Ohm haifanyi kazi kwenye balbu?

Mwalimu wa Fizikia:

Tutenganishe mambo mawili. Kugawanya volteji kwa mkondo ili kupata ukinzani wa kifaa katika hali fulani kunaruhusiwa wakati wote kwenye umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), kwa kuwa ndiyo maana yenyewe ya ukinzani. Kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827 inadai zaidi ya hapo: kwamba jibu la mgawanyo huo halibadiliki hata ukibadili volteji, na hilo ni kweli kwa metali ambayo joto lake halibadiliki. Filamenti inavunja sharti hilo la joto, basi usichukue ukinzani uliopatikana katika hali moja ukaupeleka katika hali nyingine. Volteji mara mkondo, vikiwa vimepimwa kwa wakati mmoja, ndiyo njia ya kuaminika ya kupata nguvu. Zile kanuni mbili nyingine, mraba wa mkondo mara ukinzani na mraba wa volteji gawanya kwa ukinzani, zimetokana na hiyo na zinahitaji ukinzani wa wakati ule ule.

Mwanagenzi_Umeme:

Ahsante sana, Mwalimu. Nimejaribu pia hita ya maji ya wati 2,000, volti 240. Ikiwa baridi inasoma omu 28. Ikifanya kazi kwa volti 220 inavuta ampea 7.6. Je, ina hitilafu, maana nguvu ni wati 1,672 tu?

Fundi Koili:

Haina hitilafu. 220 ÷ 7.6 ni omu 28.9, na maandishi yake yanataka 28.8. Koili za hita nyingi ni za nikromu, aloi ambayo ukinzani wake hubadilika kidogo tu kwa joto, ndiyo maana kipimo cha baridi kiko karibu sana na cha moto. Kilichopunguza wati ni volteji: nguvu hufuata mraba wake, hivyo upungufu wa asilimia 8 hivi wa volteji unaondoa kama asilimia 16 ya nguvu. Kwa hita, basi, unaweza kukagua koili kwa omu bila kuiwasha, na tafadhali iwe imechomolewa kabisa, kwa sababu kupima omu kwenye saketi yenye umeme ni hatari kwako na huiharibu mita.

Msomaji wa Vipimo:

Na feni? Yangu inavuta ampea 0.3 kwa volti 240. Ni wati 72?

Mwalimu wa Fizikia:

Hapana, hizo ni volti-ampea 72. Katika mota ya umeme wa mkondo geu (AC, kama wa majumbani), mkondo huchelewa nyuma ya volteji, kwa hiyo ni lazima uzidishe kwa pawafakta, yaani sehemu ya volti-ampea ambayo ni nguvu halisi, nayo iko chini ya 1. Ikiwa ni 0.8, kwa mfano, nguvu ni wati 57.6. Wala usiziite zile omu 800 utakazopata kwa kugawanya 240 kwa 0.3 ukinzani wa waya wa feni; multimita itasoma namba ndogo zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kizuizi hicho inatokana na usumaku wa koili. Kwa feni, tumia mita inayosoma wati moja kwa moja.