Wenye kurasa za michezo, mkimuita mtoto KIJEBA huwa mmemuuliza nani?

Wakuu naomba mnivumilie, naandika nikiwa na hasira na usingizi wenyewe sijaupata.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya vijana chini ya miaka 17, kazi ya kujitolea, mshahara hakuna. Wikiendi tulishinda 1-0, goli kafunga beki wetu wa kati kwa kichwa. Dogo ana miaka 15 ila kaenda hewani balaa, na vindevu vimeanza kuchomoza. Kufika jioni ukurasa mmoja wa michezo wenye wafuasi kibao ukabandika picha yake, wamewakata wenzake wote wakabakiza sura na kidevu, juu wakaandika "HUYU NI U-17 KWELI?" na chini yake "inasemekana ni kijeba mwenye watoto wawili", yaani mtu mzima aliyedanganya umri ili acheze na watoto.

Inasemekana na nani?? Namba ya kocha mkuu ipo, yangu ipo, cheti cha kuzaliwa wanacho waandaaji tangu kabla ya mashindano kuanza. Hakuna aliyepiga simu, hata kubipu tu hakuna. Kesho yake mchambuzi mmoja kaichukua akaisoma hewani kama ilivyo, eti "huko mitandaoni inazungumzwa", huku anacheka. Inazungumzwa na nani kama sio nyie wenyewe mnapokezana?

Na hicho kialama cha kuuliza ndo kinaniudhi kuliko vyote. Nimewafuata inbox, adimini ananijibu "kocha sisi hatujasema, tumeuliza tu". Sasa mtu anayetaka kujua si anamuuliza mwenye jibu, wewe unaenda kuuliza maelfu ya watu ambao hawajawahi kumuona huyo mtoto hata siku moja, hapo unatafuta jibu au unatafuta kiki?

Mnamkumbuka Joseph Minala? Mcameroon, 2014 yuko klabu ya Lazio kule Italia, miaka 17. Tovuti moja ya Senegal ikaandika kwamba AMEKIRI ana miaka 41. Kijana akakanusha kwamba maneno hayo hajawahi kuyatamka, shirikisho la soka la Italia likachunguza, na Mei mwaka huohuo likamsafisha. Haya nenda kijiwe chochote cha mpira leo utaje jina lake, uone kama watakutajia hiyo ya kusafishwa au ile ya uzee.

Sisemi vijeba hawapo, wapo na nimecheza nao, wanaiba nafasi za watoto na wanaowapanga wanajijua. Ila ukiwa na ushahidi njia ipo, peleka kwa waandaaji, kata rufaa, mtoto ahojiwe na mzazi wake akiwepo. Vipimo vyenyewe vipo, FIFA tangu 2009 kwenye Kombe la Dunia la U-17 wanatumia MRI (ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono, wanaangalia kama mfupa pale karibu na kiganja umeshaungana kabisa au bado, maana ukishaungana kabisa kwa kawaida mtu kashavuka 17. Na hata hiyo haikupi tarehe ya kuzaliwa, kuna watoto mifupa yao inawahi na kuna wanaochelewa, kwahiyo daktari mwenye mashine anaongea kwa tahadhari wakati adimini mwenye simu kaona ndevu tu kesi kaifunga.

Sasa niwaambie yaliyofuata maana haya hayabandikwi. Jumatano dogo kaja mazoezini kanyoa. Ndevu zenyewe zilikuwa kama nyuzi kumi hivi, kazinyoa kwa wembe mkavu, kidevu kimechanika sehemu tatu. Anatembea kainamisha mabega, mwanzo nikadhani kaumia mgongo kumbe anajifupisha jamani. Tukapiga kona za mazoezi, huyu ambaye mipira ya juu yote ni yake, haruki. Kasimama tu anauangalia mpira unapita. Nikamuita pembeni nimuulize, akasema "mwalimu nikiruka wanapiga picha".

Nilikosa cha kumjibu.

Tukawabana tena hao jamaa, na mama yake naye akawaandikia. Wakaomba radhi, ndio, wameomba. Saa saba usiku, kwenye stori ile inayofutika baada ya masaa 24, maandishi meupe kwenye background nyeusi, "kuhusu posti yetu ya awali tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Picha hakuna, jina hakuna, hata hiyo posti ilihusu nini hawajasema. Yaani mtoto mmemuanika mchana kweupe kwa herufi kubwa, radhi mnamuomba usiku kama wezi.

Mwenye mawasiliano ya mmiliki wa ukurasa, sio adimini, mmiliki, aje PM nimtajie ni upi. Na kama kuna mwanasheria humu nijuzeni mzazi anaanzia wapi, maana huyu ni mtoto na hakuna aliyeomba ruhusa ya ile picha. Nimeiangalia posti sasa hivi kabla sijatuma huu uzi, bado ipo, na komenti waliyoibandika juu kabisa ni ya mtu anayeuliza hao watoto wake wawili wapo darasa la ngapi.