Shanghai, Mei 2022: nibaki, nihamie mji mwingine au nirudi nyumbani?

Mkaazi_Minhang
Wakuu, poleni na kifungo. Huku Puxi, nusu ya jiji ya magharibi ya mto, tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona tangu tarehe 1 Aprili. Tuliambiwa siku nne tu, na sasa ni katikati ya Mei. Nasoma uzamili, nipo bwenini. Asubuhi kipaza sauti kinatuita, foleni, kijiti kooni, tunarudi ndani. Naona njia tatu: kuvumilia, kwenda mji mwingine wa China, au kurudi nyumbani. Mnaonaje?

Binti_Pudong
Pole kaka. Sisi wa Pudong, nusu ya mashariki, tulianza kabla yenu, tarehe 28 Machi. Mji mwingine ufute kabisa. Anayetokea Shanghai akifika anapelekwa karantini, mara nyingi wiki mbili hotelini, na bili ni yake. Unatoka kifungo kimoja unaingia kingine, tena huko huna hata sufuria yako.

Mzee_wa_Kontena
Kijana, acha kwanza habari za uchovu. Fungua pasipoti usome kibali chako cha ukaazi ni cha nini. Tangu Septemba 2020 wenye vibali halali vya kazi, vya familia na vya shughuli binafsi wanaruhusiwa kuingia tena. Wanafunzi hawamo! Wapo walioenda likizo Januari 2020 wakakwama hadi leo. Kipindi cha mtandaoni cha saa mbili asubuhi ya China kinawakuta Nairobi saa tisa usiku. Mimi nina cha kazi. Nikiondoka nitahangaika na ndege na karantini, ila narudi. Wewe ukishagongewa muhuri wa kutoka, usihesabu kurudi karibuni.

Mkaazi_Minhang
Hapo ndipo penyewe, mzee. Kuandika naweza kumalizia popote, lakini sampuli zangu ziko kwenye friji ya maabara.

Nimeshatoka
Mimi nimetoka juzi, mkataba wa kazi ulikuwa umeisha, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza. Unaanza na tiketi, halafu ruhusa ya kamati ya wakazi na kipimo cha PCR, halafu gari lenye kibali cha kupita barabarani, na dereva anajua huna pa kwenda kwingine, anataja bei anayotaka. Kwangu kilichotisha ni ile ahadi ya maandishi kwamba ukitoka getini hurudi ndani. Ndege ikifutwa, shauri yako. Uwanjani nimekuta watu wametandika maboksi chini, na wengine bado wamevaa zile nguo nyeupe za kinga. Barabara nzima tupu, taa zinabadilika rangi bila gari.

Mzee_wa_Kontena
Jiji limetangaza maisha yatarudi kawaida Juni. Kwa mwanafunzi, kuvumilia wiki chache hizi ni nafuu kuliko kupoteza shahada.

Binti_Pudong
Na zile siku nne zilitangazwa hivyo hivyo, baba. Kaka, kama usingizi umekukataa kabisa, usibaki kwa ajili ya friji. Kama unalala na unakula, mzee ana hoja.

Mkaazi_Minhang
Usingizi upo. Namuuliza msimamizi wangu kama kuna aliyefungiwa ndani ya maabara awezaye kuziangalia sampuli. Ruhusa ya kamati inachukua muda gani?

Nimeshatoka
Kwangu siku mbili. Ila yule mama wa kamati hakugonga muhuri mpaka alipoiona tiketi imelipiwa, kwa hiyo usinunue kabla msimamizi hajakujibu.