Tangi la lita 840: frontosa, duboisi, mbuna, furu au oska? Nisaidieni kuamua

MtotoWaBangwe (Dar es Salaam, Kimara)

Wakuu, wakubwa shikamooni. Baada ya miaka ya kufuga gapi na goldfish kwenye vitangi vya mezani, nimepata nafasi ya kutosha sebuleni. Nataka tangi la urefu sentimita 200, upana 70, kina 60. Kwa hesabu yangu ni lita 840. Nimeshaamua nafuga sikilidi, ule ukoo wa kina sato na perege, ila wale wa rangi. Ninapokwama ni nifuge wepi. Orodha yangu hii hapa:

1. Frontosa wa Tanganyika
2. Duboisi wa Tanganyika (Tropheus duboisi)
3. Mbuna wa Ziwa Nyasa
4. Furu wa Ziwa Victoria
5. Oska wa Amerika Kusini

Nimezaliwa Kigoma, nimekua naogelea kwenye miamba ya Bangwe, kwa hiyo moyo uko Tanganyika. Lakini sitaki moyo uue samaki. Maji yangu ya bomba nimeyapima, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ni 7.4. Kisima cha jirani kinasoma 8.1 ila kina chumvi ulimini. Umeme mnaujua wenyewe. Fundi wa vioo ameniambia kioo cha milimita 8 kinatosha. Karibuni.

FundiTangi (Dar es Salaam, Kariakoo)

Mkuu, kabla ya samaki tumalize kioo. Milimita 8 kwa kina cha sentimita 60 na urefu wa mita 2, usikubali hata ukipewa bure. Weka milimita 12, na juu uzungushe mikanda ya kioo pembeni pamoja na mikanda miwili ya kukatiza katikati. Kioo kirefu bila mkanda kinapinda nje taratibu, unaona kama mchezo, siku moja silikoni inaachia usiku.

Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa inaua samaki. Ukishagundisha, subiri wiki nzima ndipo ujaze maji, ujaze ukiwa umelitoa uani, ulikalishe siku mbili tatu ukikagua kona kwa karatasi ya tishu.

Uzito: maji kilo 840, vioo vyenyewe kama kilo 140, ongeza mchanga na mawe. Unapita tani moja. Kama upo ghorofani, mwite mtu wa ujenzi kwanza. Kama upo chini, stendi ya chuma cha mraba, juu yake mbao nene, halafu shiti la povu jeupe lile linalofungiwa televisheni. Povu linameza vijiwe vidogo ambavyo vingepasua kioo cha chini.

MtotoWaBangwe

Nipo chini, sakafu ya zege. Asante sana fundi, milimita 12 imepita.

Mbamba_Bay (Songea)

Mimi nakwambia mbuna, na sisemi kwa ushabiki wa ziwa la kwetu. Nimefuga mbuna mwaka wa tisa sasa. Ni wagumu, wanakula vizuri, rangi zao utadhani samaki wa baharini, na wanazaa bila kuombwa. Jike anaatamia mayai mdomoni wiki tatu hivi, halafu unaona vitoto vinachungulia kwenye mawe.

Siri ya mbuna ni mambo mawili. La kwanza mawe, tena mengi, yapandishwe hadi karibu na juu, yawe na mapango ya kuingilia na kutokea. La pili ni wingi wao. Ukiweka 8, mbabe mmoja atawamaliza. Ukiweka 35 hadi 40 kwenye lita 840, ugomvi unagawanyika, hakuna anayepigwa peke yake. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne kwa kila aina. Kaa mbali na Melanochromis auratus, ni wazuri utotoni, wakikua wanatawala tangi lote. Anza na wale wa njano, Labidochromis caeruleus, ni wapole kuliko wenzao.

Na usichanganye mbuna na Aulonocara. Watu wanawauza pamoja kwa sababu wote wanatoka Nyasa, ila Aulonocara ni samaki wa kutulia mchangani, mbuna wanamnyima raha mpaka rangi inafifia.

DadaWaMaji (Nairobi)

Nakubaliana na kaka wa Songea kuhusu mawe, lakini hesabu ya samaki 40 inahitaji kichujio cha nguvu na kubadilisha maji kila wiki bila kukosa. Kama mtu anasafiri kikazi, mbuna 40 watamshinda.

Mimi niko na oska. Watu huwadharau kwa kuwa wako kila duka, lakini ni samaki mwenye akili. Wangu ananijua, nikiingia anakuja kwa kioo, mgeni akiingia anarudi nyuma. Ubaya ni kwamba anafika sentimita 30 na zaidi, anakula kama mbwa na anachafua hivyo hivyo. Kwa lita 840 usiweke zaidi ya wanne. Mimea atang'oa, mawe atasukuma. pH yako ya 7.4 inamfaa bila kuongeza chochote.

Hapa kwetu usiku wa Julai baridi ni kali, lazima hita. Dar hamna shida hiyo, shida yenu ni joto.

MwambaoKigoma (Kigoma)

Karibu nyumbani, mdogo wangu wa Bangwe. Nimefanya kazi ya kupiga mbizi na kukusanya samaki wa mapambo kwa muda mrefu, ngoja nikueleze hawa wawili wa Tanganyika jinsi wanavyoishi ziwani, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo.

Frontosa ni samaki wa chini. Tunamkuta mita 20, 30, hata zaidi ya hapo, kwenye mwanga hafifu, maji yametulia na yana ubaridi. Anatembea kundi, taratibu, kama wazee wanaotoka msikitini. Ukimtoa huko unampandisha kwa vituo, kwa siku kadhaa, la sivyo tumbo linajaa hewa anakufa. Anakula samaki wadogo, hasa Cyprichromis wanapolala. Ni mzuri, huyu wa kwetu mwenye mistari saba na nundu kichwani hana mfano. Lakini anakua polepole, utakaa miaka 3 au 4 kabla hajaanza kuzaa, na anafika sentimita 30. Sasa wewe sebule yako ya Kimara mwezi wa pili, maji yatagonga nyuzi 30. Umemtoa samaki kwenye nyuzi 25 za chini ya ziwa ukamweka hapo. Mimi nisingemtesa.

Duboisi ni mambo mengine. Yeye ni wa kwenye miamba, mita 3 hadi 15 hivi, kazi yake kutwa nzima ni kukwangua ule utelezi wa kijani kwenye mawe. Joto la juu la ziwa amelizoea. Vitoto vyake ni vyeusi vyenye madoa meupe kama nyota, hakika uliviona ukiwa mtoto. Akikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa cha buluu, mwili mweusi, na mkanda mmoja kiunoni. Wa Maswa, ile ya mwambao wa Tanganyika, mkanda wao ni mpana wa njano. Ndani ya jamii ya Tropheus ndiye mpole zaidi, ingawa mpole wa Tropheus bado ni mgomvi. Weka 20 hadi 25 kwa pamoja, wote siku moja, wa mahali pamoja. Ukiongeza mmoja baadaye watamshambulia.

Kitu kimoja kinachowaua ni chakula. Utumbo wa duboisi ni mrefu, wa mla majani. Mpe minyoo, moyo wa ng'ombe au chakula cha sato chenye protini nyingi, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na akishafikia hapo kumrudisha ni kazi. Mpe spirulina, chakula cha mwani, kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa siku. Ndiyo maana huwezi kumfuga na frontosa: mmoja anakula nyama, mwingine majani, na wote wanatoka ziwa moja.

Ukerewe77 (Mwanza)

Hakuna aliyemtaja furu kwa kirefu, basi nitamtetea mimi. Kuna furu aliyepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei, ametajwa kisayansi mwaka 1985. Dume mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye pau nyeusi. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji bado ni angavu, anaishi jirani na nduguye wa buluu, Pundamilia pundamilia, na kila jike anamjua dume wake kwa rangi. Kwenye maeneo yenye maji ya tope majike hawaoni rangi vizuri, aina zinachanganyika zinakuwa kitu kimoja. Hili lilichapishwa 1997, wanasayansi walifanya kazi hapa hapa Ghuba ya Mwanza.

Wazee wetu walikula furu wakavua furu. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshawamaliza wengi. Aina nyingine leo zimebaki kwenye akwaria za Ulaya na Marekani tu. Mimi nafuga nyererei kwa sababu hiyo. Ni mdogo, hapiti sentimita 10 kwa kiasi kikubwa, anakula karibu kila kitu, pH ya 7.4 hadi 8 inamtosha. Kwa maji ya ndugu yetu, furu ndiye anayehitaji marekebisho machache kuliko wote wa kwenye maziwa yetu makubwa. Ila kanuni: aina moja ya Pundamilia kwa tangi. Ukiweka mbili zitachanganya damu, na hutajua tena unacho nini.

MtotoWaBangwe

Ukerewe77, sikulijua hilo la Makobe. Umenitikisa kidogo. Kaka MwambaoKigoma, frontosa nimemfuta. Naomba sasa tuzungumze duboisi kwa maji yangu na umeme wangu. Inawezekana kweli Dar?

MzeeHamburg (Ujerumani)

Inawezekana. Huku Tropheus wanafugwa na watu wengi sana, na maji yangu ya bomba ni magumu kiasili, yaani yana madini. Wewe ongeza bikaboneti ya sodiamu kupandisha pH na uwezo wa maji kuishikilia, na chumvi ya Epsom kwa ugumu. Changanya kwenye pipa pembeni, pima, ndipo umimine. Ziwa lenyewe ni pH 8.6 hadi 9.2 lakini usifukuzie 9. Ikikaa 8.5 bila kuyumba, samaki wanastawi. Mawe ya chokaa ya upande wa Wazo yatakusaidia kidogo pia. Usichukue matumbawe baharini, hairuhusiwi. Kile kisima chenye chumvi achana nacho, chumvi ya mezani siyo ugumu wa Tanganyika.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi: amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama 5. Kwenye pH 9 inapita 30. Yaani uchafu ule ule ambao goldfish wako walivumilia, kwa duboisi ni kifo. Kwa hiyo tangi likomazwe kwanza, wiki 4 hadi 6, bakteria wanaokula amonia wawe wameota kwenye kichujio.

FundiTangi

Kwa umeme wetu msimwekee kile kichujio cha ndoo iliyofungwa. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria ndani wanakosa hewa, maji yanaoza, ukirudi unasukuma sumu yote kwa samaki. Ukiwa nacho, kimwage kwanza kabla ya kuwasha.

Nenda na sampu, yaani tangi dogo chini ya stendi, sentimita 120 kwa 40 kwa 40. Inachukua karibu lita 190. Maji yanashuka, yanapita kwenye spanji na vipande vya kauri, pampu inarudisha juu lita 4,000 hadi 5,000 kwa saa. Usiijaze sampu zaidi ya nusu, kwa sababu umeme ukikatika maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka usawa wa tundu. Na kwenye bomba la kurudishia toboa kitundu sentimita 2 chini ya uso wa maji, kivute hewa, la sivyo bomba litanyonya tangi na kumwaga sebuleni. Nimeona zulia la mteja likielea.

DadaWaMaji

Ongeza pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikipotea. Maji moto hushika hewa kidogo, na kwa samaki 25 wa mwambani, saa mbili bila hewa ni nyingi. Mfuniko ufanye wa wavu badala ya kioo, upulizie feni juu ya maji. Inashusha nyuzi 2 au 3.

MwambaoKigoma

Wote wamesema vyema. Nyongeza ya safari: wasipewe chakula siku mbili kabla ya kufungwa, mfuko wenye oksijeni, na upite ofisi ya uvuvi ya wilaya kuulizia kibali cha kusafirisha samaki hai. Wakifika, usikae ukidondoshea maji ya tangi kwenye mfuko kwa saa nzima. Ndani ya mfuko pH imeshuka, amonia imelala. Ukiongeza maji ya 8.5 inaamka humo humo. Sawazisha joto, wavue kwa wavu, waingize, maji ya mfuko yamwage.

Na wakizaa ukazidiwa, usiachie kitoto hata kimoja mtoni wala bwawani. Rudisha kwa wafugaji. Ukerewe77 ameshaeleza mgeni anaweza kufanya nini.

MtotoWaBangwe

Wakuu, leo wiki ya tatu. Kioo milimita 12, sampu kama alivyoelekeza fundi, mawe ya chokaa kilo 90 yamekalishwa kwenye kioo cha chini kabla ya mchanga ili yasichimbwe. pH 8.4, joto mchana 28 feni ikiwashwa. Natia amonia kidogo kila siku kulisha bakteria. Jana amonia ilisoma 0 baada ya saa 24, ila naitraiti, ile sumu ambayo bakteria wanaigeuza amonia kuwa, bado iko juu sana, rangi ya kipimo ni zambarau kabisa. Duboisi 22 wa Maswa nimeshaweka oda. Naruhusiwa kuwaita wiki ijayo?

MzeeHamburg

Hapana, mwanangu. Naitraiti nayo ifike 0 ndani ya saa 24, siku tatu mfululizo. Hapo badilisha nusu ya maji, ndipo umpigie mtu wa Kigoma.

MwambaoKigoma

Waache huko huko waliko, hawaendi popote. Na washa taa saa nyingi kuanzia sasa, mawe yaote kijani. Wakifika wakute chakula mezani.